Neno Nililolimeza Kahama

Nilichaguliwa kwa sababu ya Kiingereza. Mama Mkuu wa shirika letu hapa Morogoro alikuwa amepata mwaliko: masista wa mashirika mbalimbali, kutoka nchi za mbali na za karibu, wangekutana Kahama wasali, wasikilizane, kisha wapambanue kwa pamoja ni haki ya nani waisimamie katika miaka inayokuja. Macho yao yalikuwa yameelekea kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, na walihitaji mkalimani wa kuwaunganisha na wanawake wa machimboni. Mama Mkuu aliniita ofisini akasema, "Sista Redempta, Kiingereza chako kimekaa sana kabatini. Kipeleke kikapigwe jua."

Masista wenzangu walinitania wiki nzima. Jikoni waliniita Bi Mkubwa wa Tafsiri, na mmoja akawa ananipigia saluti kila nikipita na ndoo. Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimevimba kwa fahari. Nililipiga pasi vazi langu la heshima mara mbili. Nayaeleza haya mapema ili msomaji ajue niliondoka nyumbani nikiwa na kichwa cha namna gani.

Alfajiri ya kuondoka, stendi ya Msamvu ilikuwa bado na ubaridi. Basi lilitoka kwa wakati, jambo lililowashangaza hata abiria wenyewe, na jua lilitukuta tumeshauacha mji. Dodoma tulinunua maji, Singida tukanunua kuku wa kukaanga, na mashamba ya alizeti yakatusindikiza pande zote mbili za barabara. Baada ya hapo nchi ikalala chini. Ukitoka kwenye milima ya Uluguru, macho yanakosa pa kuegemea kule. Ni mbuga, mawe makubwa yamekaa peke yake, na ng'ombe wenye vumbi jekundu mgongoni.

Kuanzia Nzega nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenye duka mtaa wa Nyasubi huko Kahama, aliyejifunga hijabu ya rangi ya zambarau na kubeba furushi ambalo hakutaka liwekwe kwenye buti. Aliniuliza naenda wapi, nikamweleza habari za mkutano, pengine kwa maneno mengi kuliko alivyohitaji.

"Kwa hiyo mtakaa," akasema.

"Tutakaa, tutasali, tutasikiliza."

"Mkishasikiliza?"

"Tutatoa tamko."

"Alaa," akasema, akaligeuza furushi lake likae vizuri mapajani. Mpaka tunafika njia panda ya Tinde, pale wa Shinyanga na Mwanza wanaposhika njia yao na sisi wa Kahama yetu, hakuniuliza tena habari za mkutano. Alinionyesha mashamba ya mpunga na kunitajia bei ya gunia.

Tulipoingia Kahama jua lilikuwa limeshalegea. Sista Kabula ndiye aliyenipokea stendi. Yeye ni Msukuma wa Shinyanga, mnene, mwepesi wa miguu, anaishi na kufanya kazi huko huko, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano mzima. Alinikumbatia akaniambia, "Mwadila, mayu!" kisha akasubiri. Nilipobaki nimeduwaa, akacheka. "Na wewe unajibu mwadila. Hujui kitu, mkalimani wetu?"

Nyumba ya mafungo ilikuwa nje kidogo ya mji, kupita Nyasubi, penye miti ya mikungu iliyopandwa kwa mistari. Mezani tulikuta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na karanga na maziwa ya mgando. Wageni walikuwa wameshafika. Wengi walikuwa watu wazima wenye sauti za upole, wakiuliza kila chakula kinaitwaje na kujaribu kutamka. Nilikuwa huku na kule, nikitafsiri hata chumvi. Nilijisikia wa maana sana.

Asubuhi yake tulifundishwa jinsi tutakavyosikilizana. Aliyetuongoza alikuwa Sista Agnes, mama mdogo wa umbo kutoka India, nywele zake zimeshakuwa nyeupe chini ya shela. Utaratibu ni huu: mtu anasema, wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Akimaliza, kengele ndogo inagongwa, na wote wanafumba macho na kukaa kimya kwa dakika kadhaa, ili neno lizame kabla ya kujibiwa. Hakuna kufariji, hakuna kubisha, hakuna kutikisa kichwa. Kimya kikiisha, kila mmoja anasema kilichomgusa. Ni njia nzuri, nasema hivyo mpaka leo. Imewanyamazisha wengi wetu tunaopenda kujibu kabla hatujaelewa. Mimi niliijua tangu malezi yangu ya utawa Nairobi, na nilikaa mstari wa mbele mgongo umenyooka, ili ionekane kwamba naijua.

Mchana wa siku hiyo tulipelekwa Segese. Barabara inayokwenda upande wa Geita ilikuwa na malori makubwa, na kila lori likipita tulibaki ndani ya vumbi tukisikilizana kwa kikohozi. Segese ni mji wa biashara usiolala: maduka ya vipuri, mabanda ya chipsi, vinyozi, watu wanaonunua dhahabu kwenye vyumba vidogo vyenye nondo madirishani. Mbele zaidi uko uzio wa mgodi mkubwa, na nje ya uzio wanawake walikuwa wameketi wakiponda mawe kwa nyundo, watoto wamelala kwenye vivuli vya maturubai. Wageni walipiga picha. Mwanamke mmoja alisema, "Mwambie asinipige, sijaoga." Mimi nikatafsiri kwamba mama huyu anaona haya kidogo. Ulikuwa uongo mdogo wa kulainisha mambo, na sikuufikiria tena siku ile.

Kesho yake asubuhi ndipo Sista Kabula alipomleta Mama Masanja.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Alikuwa ametoka machimbo ya Mwakitolyo kabla ya mapambazuko. Mikono yake ilikuwa na rangi ya kijivu iliyokataa kutoka, maana kazi yake ilikuwa mwaloni, pale wanapochuja mchanga wa dhahabu kwa maji na zebaki. Sista Kabula alimkalisha kwenye kiti kando yangu, akamshika bega, akamwambia, "Usiogope. Hawa ni watu wetu. Sema kama ulivyoniambia mimi." Kisha akaitwa jikoni kwa sababu pampu ya maji ilikuwa imekufa, akatoka. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama pampu ile ingengoja nusu saa.

Mama Masanja alisema, na mimi nikatafsiri sentensi kwa sentensi.

"Mimi naitwa Mama Masanja. Masanja ni mwanangu wa kwanza. Alikuwa anachimba Mwakitolyo. Duara, shimo lao la kuchimbia, lilimfukia. Walikuwa watatu mle shimoni, wawili wakatolewa wazima. Yeye walimchimba, wakamchimba, ukuta ukawa unaendelea kumeguka. Wakubwa wa duara wakasema tukiendelea tutaongeza maiti juu ya maiti. Wakafukia. Mwanangu yumo humo mpaka leo. Na watu wa ukoo wa baba yake wanasema alikwenda kwa mganga kutafuta utajiri, ndiyo maana ardhi ikamkamata. Wanasema mtu wa namna hiyo hakaliwi matanga. Na kweli, hakuna aliyekaa."

Hapo akasimama.

Sasa, msomaji wangu wa nyumbani, wewe na mimi tunajua. Mtu anayeeleza msiba wake hasimulii moja kwa moja kama anayesoma taarifa ya habari. Hufika mahali akasimama, na pale aliposimama ni mlango ameuacha wazi, ili wewe uingie na neno lako. Unasema, pole mama, pole sana, Mungu akutie nguvu. Yeye anajibu, anavuta pumzi, anajifuta uso, kisha anaendelea na lile alilojia. Mtoto wa darasa la pili analijua hili.

Sista Agnes hakulijua. Aliona mama amemaliza. Akagonga kengele, na masista wote wakafumba macho, mikono mapajani.

Mimi nilifumba macho pia. Neno "pole" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, limeshakaa tayari, na nililimeza. Ukiniuliza kwa nini, jibu langu ni la aibu: niliogopa wageni wasinione sista wa shamba, asiyejua kutulia, anayevunja kimya kitakatifu kwa vineno vya mtaani. Nilitaka Sista Agnes akifumbua macho anikute nimetulia kuliko wote.

Nilivumilia kidogo, kisha nikafumbua jicho. Mama Masanja alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Alianza upande wa dirishani, akaenda uso kwa uso, na kila uso ulikuwa umefungwa. Mwishoni akafika kwangu. Tulitazamana. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama anayemsaidia mtoto kuanza kutamka. Mimi nikafumba tena macho.

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nilipotazama, alikuwa amesimama, amekusanya kitenge chake. Alipiga goti kidogo, ile heshima ya Kisukuma, akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Nimesikia." Akatoka nje, viatu vyake mkononi ili asitusumbue.

Kengele ilipogongwa mara ya pili, Sista Agnes aliangalia kiti kitupu, akaniuliza kwa upole mama amekwenda wapi, na kama anahitaji kupumzika. Nilisema nadhani ndiyo. Masista wakaanza kusema kilichowagusa. Mmoja alilia. Mwingine alisema ameonja maumivu ya dunia nzima katika sauti ya yule mama. Walisema maneno mazuri na ya kweli, na aliyestahili kuyasikia alikuwa barabarani anatafuta usafiri.

Sista Kabula aliingia akiwa na mafuta ya pampu mikononi. Alikuwa amekutana na Mama Masanja getini. Hakungoja utaratibu wa mtu.

"Redempta, mmemfanya nini mgeni wangu?"

"Hatujamfanya kitu."

"Amelia getini kama mtoto. Anasema ameeleza msiba wake mbele ya masista, na hakuna hata mmoja aliyempa pole. Hata mmoja! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa kwenye kimya," nikasema, na nilijisikia mjinga kabla hata sentensi haijaisha.

"Kimya?" Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Kimya kwa mfiwa?"

Ikabidi nimtafsirie Sista Agnes yote, na safari hii sikulainisha chochote. Yule bibi aliweka mkono kwenye paji la uso. Kisha akaniuliza swali moja: ningekuwa nyumbani kwetu, ningefanya nini? Nikamwambia ningesema pole. Akauliza ni maombi? Nikasema si maombi, ni neno tu, aliyefiwa huambiwa hivyo. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana kutwa tulibishana kama twende Mwakitolyo wote. Wengine walisema ndiyo, sasa hivi. Wengine wakasema ndege zao ni za keshokutwa, tamko bado halijaandikwa, na kundi kubwa namna ile litamwaibisha zaidi yule mama. Mwisho tukaafikiana waende watatu: Sista Agnes, Sista Kabula na mimi. Waliobaki waliendelea kuandika tamko.

Asubuhi iliyofuata Sista Kabula alituendesha mwenyewe kwa gari la parokia. Njia ya Mwakitolyo inapita kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka na makundi ya ng'ombe wasiojua honi. Nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, nikiyapanga kwa Kiswahili fasaha, kisha nikaona huko nako ni kujitafutia sifa, nikaacha.

Machimbo unayasikia kabla hujayaona. Karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilikuwa zinanguruma pamoja, na vumbi jeupe limetanda juu ya mahema na vibanda vya mabati. Wachimbaji walitupisha njia wakisema shikamoo kwa Sista Agnes, ambaye aliitikia kila mmoja kwa kuinamisha kichwa. Mwaloni tuliwakuta wanawake wameinama kwenye mabeseni na mbao za kuchujia. Mama Masanja alikuwa katikati yao. Kitenge kipya hakikuwepo. Alivaa gauni kuukuu na buti za mpira.

Alituona. Aliweka beseni chini, akanawa mikono polepole, akatujia.

"Poleni na safari," akasema. "Karibuni."

Sista Kabula ndiye aliyeitikia kwa niaba yetu, kwa Kisukuma, kwa maneno mengi, na akina mama wakatuletea benchi na ndoo iliyogeuzwa. Sista Agnes hakukaa. Alimwendea Mama Masanja, akamshika mikono yote miwili, ile ya kijivu, akamwambia kwa Kiswahili alichokuwa amekirudiarudia garini njia nzima, "Pole, mama. Pole sana kwa mtoto Masanja."

Uso wa Mama Masanja ulilegea. "Asante, mama. Nimeshapoa," akasema, na machozi yakamshuka.

Na mimi nikasema, "Pole, mama." Aliniangalia, akakitengeneza kitambaa chake kichwani, hakusema kitu.

Tulipoketi alitueleza lile ambalo hakulifikia Kahama. Alikuwa amekuja kutuomba tufike kwenye lile duara lililofukiwa, tukae naye chini hata kwa muda mfupi, tusali mbele za watu, ili ukoo wa mumewe uone kwamba Kanisa linamhesabu Masanja kuwa mtoto wake na waache maneno ya mganga. Mume wake alikuwa marehemu. Anayeusemea ukoo sasa ni shemeji yake mkubwa, anayeishi kijiji kimoja upande wa Solwa.

"Na sasa?" Sista Kabula akauliza.

"Sasa nimeharibu. Nilivyorudi jana nilimkuta shemeji hapa ananingoja. Alijua nimekwenda kwa masista. Akaniuliza, wamesemaje? Nikamwambia hawakusema kitu. Akasema, umeona? Hata masista wa Ulaya wamejua kijana alikuwa na dawa. Wamekunyamazia. Akaondoka anatangaza. Leo nimesikia mpaka gengeni wanasema, masista wamekataa kumwombea Masanja."

Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Si ya kukosa adabu tena. Marehemu asiye na kaburi alikuwa amebakiwa na jina tu, na mimi nilikuwa nimesaidia kulichafua kwa kutaka kuonekana nimetulia.

Nikasema, "Mama, tunaomba radhi. Wageni hawakujua. Ni utaratibu wao wa sala, hawakuwa na nia mbaya."

"Wageni mimi siwalaumu," akajibu. "Watu wa nje hawajui mila zetu, utawalaumuje? Wewe ni wa wapi, sista?"

"Morogoro."

"Huko Morogoro, mtu akifiwa mnamwambia nini?"

"Tunamwambia pole."

"Basi ulijua."

Akina mama waliokuwa karibu waliacha kuchuja. Safari hii hapakuwa na kengele ya kunificha.

Duara la Masanja halikuwa mbali. Lilikuwa kipande cha ardhi kilichodidimia kidogo katikati, kimesimikwa magogo mawili ili watu wasipite juu, na hatua chache kando yake watu wengine walikuwa wameshafungua shimo jipya na kupanga viroba vya mawe. Sista Agnes alikaa chini kwenye vumbi, kwa shida, magoti yake yakilia. Sisi tukakaa. Wanawake wa mwaloni wakaja mmoja mmoja, wakaketi bila kuambiwa, na baadhi ya wachimbaji wakavua kofia wakasimama nyuma yetu. Karasha hazikuzimwa. Mama Masanja alisema jina la ubatizo la mwanawe ni Petro, nami nikaongoza sala kwa sauti ya kupigana na mashine, nikitaja jina hilo na la Masanja kila nilipoweza. Wanawake walipoanza kuimba, Mama Masanja alijilaza ubavu juu ya ile ardhi iliyodidimia, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka tangu siku ile ya kwanza. Tulimwacha alie. Kila aliyekuwepo alimwambia pole, wengine mara mbili.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka aliniita pembeni, mimi peke yangu.

"Wabeja, asante, sista. Mmemwombea. Lakini shemeji yangu hakuwepo, na akiambiwa na mimi atasema najitetea. Wewe ndiye ulikuwa mdomo wao kule Kahama. Nenda kwake, umwambie kwa mdomo huo huo kwamba hamkukataa. Mwambie na sababu ya kunyamaza."

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikumbuka tiketi ya basi iliyokwisha kukatwa, na tamko ambalo lilikuwa linangoja tafsiri yangu. Nikamjibu kama karani wa halmashauri: "Nitaangalia ratiba, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Jioni Kahama tamko lilisomwa. Lilikuwa zuri. Lilitaka wanawake wa machimboni walindwe na zebaki, watoto wapate mahali salama pa kukaa wakati mama zao wakifanya kazi, na waliofukiwa watafutwe na kuzikwa kwa heshima; hilo la mwisho liliongezwa na Sista Agnes, alilishikilia mpaka likakubaliwa. Mashirika matatu yaliahidi kuleta watu wa kukaa na kufanya kazi kule, si kutembelea tu. Palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba tumekaa na wanaolia, tumesikiliza kilio chao. Nilipoifikia katika tafsiri, kalamu ilisimama. Nilimwambia Sista Agnes siwezi kuiandika. Akaisoma, akaikata kwa mstari mmoja, akaweka badala yake kwamba tulikosea, na kwamba tutajifunza kukaa na wanaolia. Baadhi hawakupenda. Ikapita. Tulipiga picha ya pamoja chini ya miti ya mikungu, na mimi nimo, natabasamu.

Nilimwomba Sista Kabula aende kwa shemeji yule badala yangu. Alikuwa anafunga vyombo. "Nikipata nafasi nitakwenda," akasema. "Lakini hakuniagiza mimi." Hakusema kwa ukali, alikuwa amechoka tu.

Asubuhi nikapanda basi. Safari ya kurudi haina mengi ya kusimulia. Tinde, Nzega, Igunga, kisha Sekenke, pale basi linapopanda mlima na tambarare yote inabaki chini nyuma yako. Abiria wenzangu walikuwa wanatazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeshika begi langu, ndani yake lile tamko limechapwa kwa lugha mbili, na nilihesabu kwamba kila kijiji tulichokipita kilinisogeza mbali na kazi niliyopewa. Nilijiambia Sista Kabula atakwenda. Nilijiambia pia kwamba utii ni utii, na niliagizwa kurudi siku ile. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na adabu.

Nyumbani walinipokea kwa vigelegele. Bi Mkubwa wa Tafsiri amerudi! Baada ya chakula nililisoma tamko mbele ya jumuiya, wakapiga makofi. Kisha nikawaeleza habari ya Mama Masanja, na makofi yakaisha. Sikuacha kitu, hata lile la ratiba nilisema. Sista anayetunza bustani alijipangusa macho, akasema, "Jamani, maskini mama wa watu, pole yake." Alilisema bila kufikiri, mkono umeshika sahani.

Mama Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kidevu kiganjani.

"Yule shemeji umemwambia?" akauliza.

"Bado, Mama. Sista Kabula alisema akipata nafasi—"

"Nani aliagizwa?"

"Mimi."

"Sasa hapa umerudi kufanya nini?"

Mama Mkuu akaondoka kwenda kumpigia simu mhasibu habari za nauli.

Nilichojifunza nitakieleza kwa kifupi. Nilidhani kosa langu lilikuwa zile dakika chache za kimya. Zile zilikuwa kosa, na nazijutia, lakini mtu anaweza kupotewa na akili kwa kitambo. Kubwa zaidi ni kwamba nilionyeshwa waziwazi pa kutengeneza, na mtu niliyemkosea mwenyewe, nikachagua kurudi nyumbani na karatasi nzuri. Pole iliyochelewa inaweza kupokelewa. Sista Agnes yake ilipokelewa. Yangu bado haijajibiwa, na sidhani kama inadai maneno zaidi.

Kesho alfajiri naondoka tena Msamvu. Nitashuka Tinde, nikamate usafiri wa kuelekea Shinyanga, kisha nitafute njia ya Solwa. Sijui kama yule mzee atanikaribisha ndani, wala kama ataniamini. Nitabisha hodi, na akiuliza ni nani, nitamwambia kwamba Masanja hana doa, na kwamba mimi ndiye niliyenyamaza.